Redio Ilikata Kabla ya Tumba

Juzi tulimzika Zaina huko Dar es Salaam, na kwenye mkeka wa msiba nikakaripiwa na kijana ambaye mama yake ningeweza kumzaa. Alikuwa na haki yake. Duka la jirani lilikuwa limefungua redio, ukafika muda wa matangazo ya vifo, na ule wimbo wa saksofoni ukaanza kulia polepole kama unavyolia nchi nzima tangu ujana wangu. Watu wakainamisha vichwa. Hata wale waliokuwa wakibishana kwa kunong'ona juu ya mpira walinyamaza, maana wimbo ule hauhitaji kuelezwa. Mtoto wa chekechea akiusikia anajua kuna mtu hayupo tena. Mimi nikajikuta natabasamu. Nilipogeuka nikaona wazee wawili walioketi karibu yangu, wote watu wa Tabora, nao wanatabasamu, mmoja bila meno. "Babu," yule kijana akasema kwa ile adabu ya mjini inayouma kuliko tusi, "tupo msibani." Nikamwambia najua, mwanangu, na huyo tunayemzika ndiye mwenye wimbo. Akanitazama kitambo, kisha akanisogezea glasi ya maji, akamwita mwenzake aje anikalie karibu.

Habari za nani alinizaa na babu yangu alikuwa nani nawaachia wenye koo za kujivunia. Mwaka wangu ni ule niliomaliza kidato cha nne nikakaa Chemchem, pale Tabora mjini, kwa shangazi, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu. Ndiyo miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Vijana wenzangu walipanda malori na majembe yao, wakiimba, wakarudi baada ya miezi wakiwa na mabega na hadithi. Mimi niliwapungia mkono kutoka mlangoni. Sikuwa mgonjwa wala mpinzani wa siasa; nilikuwa mtu wa nyumbani tu, kama paka, na Ujamaa niliuunga mkono nikiwa nimeketi. Mtaa mzima uliniita Mwali. "Mwali katoka leo?" wangemuuliza shangazi, naye angejibu, bila kuinua macho kwenye ungo, "Katoka hadi kizingitini, jua likamrudisha." Nilijua kupepeta, nilijua kuchemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka vikalainika bila kupasuka, na nilijua kuyasikiliza mazungumzo ya watu wasiojua kwamba nyuma ya ukuta wa jiko kuna mtu mwenye elimu ya sekondari na hana la kufanya.

Na nyumba ile ilikuwa na ya kusikilizwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha mume wa shangazi, Fundi Rajabu, na cherehani yake ya miguu. Kilinuka mafuta ya mashine, chaki na nguo mpya za sare za shule. Juu ya rafu, imevikwa kitambaa cha fuma kama bibi harusi, ilikaa redio. Nyuma kulikuwa na ua, na kila Jumamosi mchana ua ule uligeuka kuwa bendi. Fundi alikuwa mpiga saksofoni na kiongozi, mtu mwembamba, mpole, aliyeongea akiwa na uzi mdomoni hata asipokuwa anashona. Athumani, kuli wa stesheni, alipiga tumba. Wengine walikuja na magitaa na njaa. Mimi nilikuwa jikoni nikikaanga karanga, na ndivyo nilivyousikia ule wimbo, si mara moja wala mara kumi, mpaka nikaweza kujua kwa namna Athumani anavyoingia kama siku hiyo amegombana na mkewe.

Fundi aliutunga wakati Zaina, binti yake wa pekee, alipoanza kutembea, akamwahidi ataupiga siku ya harusi yake. Haukuwa na maneno. Ulianza na saksofoni peke yake, taratibu mno, kama haina haraka ya kufika popote. Halafu tumba zinaingia kwa kishindo na hapo hata mwenye mguu mbovu anainuka. Siku moja nilimuuliza Fundi kwa nini mwanzo ni wa huzuni vile. Akashangaa. "Huzuni iko wapi? Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo kutoka hapa hadi pwani, akarudi na mwingine. Huo mwanzo ni mtu amefika nyumbani. Anatua mzigo, anavuta pumzi. Hajaonwa bado. Tumba zikiingia, hapo ndipo amekwisha kuonwa." Akarudisha uzi mdomoni, nami nikarudi kwenye karanga zangu, zilizokuwa zimeungua.

Mwaka ule bendi ilialikwa Dar es Salaam kurekodi. Walikwenda kwa treni, wakarudi wamechoka na kila mmoja ana miwani ya jua, nasi tukaanza kusubiri redioni. Wiki zikapita. Jioni moja tunakula ugali kwa nsansa, mboga kavu ya kunde iliyoungwa karanga, redio ikiongea yenyewe pale juu, mara saksofoni ikaanza. Fundi aliacha tonge hewani. Zaina akashika mkono wa mama yake. Shangazi aliinuka akapiga kigelegele kilichopita paa, na mimi, Mwali, nilikimbia mpaka barabarani, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari, nikaita, "Tokeni, Fundi yuko redioni." Watu wakamiminika, wengine na mikono yenye ugali. Tumejazana chumbani, meno nje, tunasubiri tumba. Saksofoni ikakatika. Sauti ya mwanamume, nzito na safi, ikasema ndugu fulani wa Kilosa anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Shangazi alikuwa katikati ya kigelegele cha pili. Sijawahi tena kusikia kigelegele kikimezwa; hutoa sauti kama birika linaloondolewa motoni.

"Labda wamekosea sahani ya santuri," akasema Fundi. Kesho yake hawakukosea, wala kesho kutwa. Haukupita mwezi, wimbo wa Fundi ukawa ndio mlango wa kila mauti katika nchi. Na kila siku waliukata palepale, pumzi moja kabla ya Athumani. Yeye ndiye aliyeumia kwa sauti. "Nimepanda treni siku mbili kwenda kunyamaza," alisema. Akashauri tuwaandikie. Fundi akamuuliza, "Tuwaandikie nini? Kwamba nchi nzima inalia vibaya?"

Nimefundisha watoto miaka mingi tangu wakati ule, na nimejaribu kuwaeleza jambo hili bila kufaulu: kwamba wimbo hauna maana yake mfukoni, kama kitambulisho. Unabandikwa. Mwenye redio akiubandika kwa mauti jioni mbili tatu, umekwisha. Hata aliyeutunga akitembea nchini kuapa kwamba ni wa furaha, ataonekana mkorofi. Kizazi changu kikisikia ngoma ya taarifa ya habari kinaona njaa, kwa sababu ndiyo saa tuliyopakuliwa. Zaina mwenyewe alimtambua mchumba wake kwa njia hiyohiyo. Masudi alikuwa karani wa vifurushi stesheni, kijana wa kawaida kabisa, lakini alichana nywele kama wale wa filamu za Kihindi tulizoziona sinema ya mjini. "Huyu," Zaina aliniambia tukichambua mchele, "anafanana na yule asiyekufa mwishoni." Nikamwambia ndoa zimejengwa juu ya misingi mibovu kuliko huo. Akanirushia chuya.

Basi Jumamosi moja bendi inafanya mazoezi, saksofoni iko katika ule mwanzo, tukasikia kilio mlangoni. Alikuwa mama mmoja wa Ntalikwa aliyekuwa akituletea viazi kila wiki. Alikuwa ametua kikapu barabarani, amejifunga kanga kiunoni, mikono kichwani, anaingia akilia kwa Kinyamwezi, "Mayo, mayo wane, mama yangu, ni nani ameondoka?" Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Yule mama kumwona akazidi kulia, maana alikuwa ameshamlilia yeye njia nzima kutoka kona ya barabara. Tulimkalisha, tukampa maji, tukamweleza. Akasikiliza, akafuta macho, akasema, "Haya, lakini machozi yangu nimeshayatoa, siwezi kuondoka bila kula." Tulicheka mpaka jioni. Fundi hakucheka. Niliona akiifuta saksofoni taratibu, kwa muda mrefu, akiilaza kwenye sanduku lake kama mtu anayelaza mtoto aliyepigwa na watoto wa wenzake.

Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili alipokuja mama yake Masudi kutoka mtaa wa Cheyo. Alikuwa mjane, mrefu, Mnyamwezi wa kujisimamia, mtu ambaye shikamoo yako aliikagua kwanza kabla ya kuiitikia marahaba. Walimkaribisha chumba cha mbele. Mimi nikaketi mahali pangu nyuma ya ukuta na sufuria ya maharage kama shahidi.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "nasikia kuna wimbo utapigwa."

"Upo," akajibu Fundi. "Ni wa Zaina. Nilimwahidi angali mdogo."

"Sina ugomvi na wewe, Fundi. Wala na Zaina, huyo ni mwanangu. Lakini mimi nilikuwa na kaka Kigoma. Mwezi uliopita nimeketi nachambua mboga, wimbo wako ukalia, na baada ya wimbo likaja jina la kaka yangu. Hakuna mtu aliyekuja kunishika mkono kwanza. Ni wimbo wako ulioniambia. Ukipigwa siku hiyo, nitainuka na watu wangu nitaondoka. Si kwa kukasirika. Sitaweza tu."

Nilisubiri Fundi aseme ile habari ya mpagazi na mzigo wake. Hakuisema. Nilisikia kiti kikilia. "Hautapigwa," akasema. "Pole sana, mzazi mwenzangu. Sikujua kama ulishafika mpaka kwako." Mgeni alipoondoka, Zaina akatoka chumbani. "Baba, huo ni wangu," akasema. "Ni wako," akajibu Fundi, "na yule ni mama mkwe wako. Wimbo hautakupikia uji ukijifungua." Akakaa kwenye cherehani akashona mpaka jua likazama, na mshono ule, shangazi aliufumua kesho yake, ulikuwa umekwenda upande.

Mimi sikuwa na mtu wa kumwambia ila Bi Somoe, kwa sababu safari yangu ndefu ya kila siku ilikuwa kwenda mlangoni kwake kuchukua vitumbua, nyumba ya tatu. Bi Somoe alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mke wa mtu wa reli, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki. Kwa sisi Wanyamwezi Wazaramo ni watani. Zamani babu zetu walishuka pwani na mizigo, na aliyefia huko alizikwa na Wazaramo. Mzaramo aliyepanda na msafara akafia huku, tulimzika sisi. Kwa hiyo mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kujilaza katika kaburi la baba yako akidai hapo ni pake, na ukikasirika aibu ni yako. Nilimweleza yote, kuanzia saksofoni hadi mshono uliokwenda upande. Hakunipa pole. "Wapagazi nyie," akasema akigeuza kitumbua, "mnabeba kila kitu, hata wimbo mnaubeba kichwani. Mpe salamu shangazi yako. Na wewe Mwali, utaolewa lini?"

Siku ya harusi, ndoa ilifungwa asubuhi, pilau ikaliwa, na alasiri ua ukajaa. Bendi ilipiga vizuri lakini kama watu wanaotembea kwa kukwepa dimbwi. Zaina alikaa kwenye kiti chake kilichopambwa, mzuri, amenyamaza, na mama Masudi upande wa pili katikati ya wanawake wa Cheyo. Fundi alipiga kila alichoombwa. Hapo ndipo Bi Somoe alipotokea katikati na mkeka wake. Akautandika mbele ya bendi, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Nakufa," akasema. "Nimekula pilau ya Wanyamwezi, nakufa. Fundi, nipigie wimbo wangu."

Fundi akamtazama mama Masudi. "Somoe, inuka," akasema shangazi kwa sauti ya chini. "Si leo, mdogo wangu."

"Maiti haiinuki. Mimi mtani wenu nimefia ugenini. Babu zangu waliwazika babu zenu bila kuulizana nyimbo. Leo mnaninyima wa kunisindikiza? Haya, nitaoza hapahapa, harusi inuke."

Ombi la mtani mbele ya watu halikataliwi, kila aliyekuwapo alilijua hilo, na mama Masudi alilijua kuliko wote. Aliteremsha kanga akajifunika uso. Hakuinuka. Fundi alisubiri, kisha akaipeleka saksofoni mdomoni kama mtu anayeonja dawa. Wimbo ukaanza. Nimeona misiba yenye kelele zaidi. Mwanamke mmoja karibu na mlango alianza kulia kweli. Wanaume walivua kofia, wakakumbuka ni harusi, wakazivaa, wakazivua tena. Saksofoni ikafika pale inapokatwa, na Fundi, ambaye kwa miezi alikuwa amesikia wimbo wake ukikatwa hapo, naye akakatika. Sisi sote, mamia ya masikio, tukamsubiri mtangazaji.

Akatangaza. Kutoka mkekani, macho yamefumbwa, kwa sauti nzito na safi ambayo sikujua ilitoka wapi ndani ya mwili ule, Bi Somoe akasema: "Wanyamwezi wote wa Tabora wanasikitika kutangaza kifo cha mtani wao, Bi Somoe, kilichotokea leo alasiri baada ya sahani ya tatu. Marehemu alikuwa hajashiba. Habari ziwafikie Wazaramo wote wa Kisarawe, popote walipo, ya kwamba wasisumbuke kuja. Nyama imekwisha."

Hakuna aliyethubutu kuanza kucheka. Macho yote yalikuwa kwenye ile kanga iliyofunika uso, na mabega chini yake yalikuwa yanatikisika, na hakuna mtu katika ua ule ambaye angeweza kusema kama ni kilio au nini. Halafu mama Masudi akajifunua. Uso ulikuwa umelowa wote. Akaenda mpaka mkekani, akaivua ile kanga, akamfunika nayo Bi Somoe kuanzia miguuni hadi kichwani, vizuri, kama sanda.

"Msimzike bado," akasema. "Hajaosha masufuria."

Ndipo Athumani akaingia. Alikuwa ameyahifadhi mapigo yale tangu Dar es Salaam, na aliyatoa yote. Zaina aliinuka kabla ya kuinuliwa. Sanda iliinuka nayo ikacheza, ikasema hata kaburi la Unyamwezi halina nafasi, limejaa michembe, viazi vyao vikavu. Mama Masudi alicheza taratibu, akilia na kucheka bila kuona haya, ameushika mkono wa Zaina, na watu wa Cheyo wakamfuata, tukatoka uani tukaingia barabarani, na wapita njia waliosikia saksofoni wakija na nyuso za rambirambi walizifuta njiani wakaunga mstari. Mimi nilicheza mpaka kona. Wapo watakaokwambia Mwali alicheza vibaya, kama mtu anayekanyaga siafu. Ni kweli, lakini nilikuwa barabarani.

Tangu siku ile nimesafiri kidogo, kwa kulazimishwa, na kila nilikokwenda nimekuta watu wanaoujua nusu ya wimbo wetu. Sijisifu kwa mengi. Sikujenga kijiji, sikuwa na mabega. Lakini nilikaa jikoni katika nyumba ambamo ulitungwa wote, na nilikuwapo mji wangu ulipokataa kuachiwa nusu.

Siku chache baada ya harusi mama Masudi alikuja kutushukuru, kama desturi, na sinia la vyakula. Aliketi chumba cha mbele, Fundi akiwa kwenye cherehani, shangazi akimimina chai. Redio ilikuwa wazi. Hakuna aliyekumbuka saa. Saksofoni ikaanza. Shangazi aliinuka haraka aizime, mama Masudi akamwonyesha kiganja: aache. Tukasikiliza. Ikakatika, na mtangazaji akamtaja mzee mmoja wa Songea ambaye hakuna kati yetu aliyemjua, na wanawe wote kwa majina, akamaliza. Kisha mama Masudi, macho yake kwenye redio, akainua vidole akapiga ukingo wa sinia, polepole kwanza, halafu kwa uhakika, yale mapigo ya Athumani, mpaka yule mzee wa Songea naye akawa ameonwa.

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alisikiliza hadi mwisho, uzi mdomoni.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "umechelewa kidogo kuingia."

Jioni iliyofuata, mama Masudi aliwatuma watu wa Cheyo waje wamwambie Fundi kwamba hakuchelewa.